Nani Aliandika Muhtasari Huko Kusadikika?

Juma hili nataka kuwapasha habari za chama chetu kidogo cha kusoma vitabu hapa Babati mjini. Tu watu kumi na wawili: walimu, mafundi, wafanya biashara wa sokoni, na wazee wawili waliostaafu. Wengine ni Wagorowa, wengine Wairaqw, wengine Warangi. Kiswahili ndicho kitukutanishacho. Nakala za kitabu huwa tatu tu, basi mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza.

Kitabu tulichomaliza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Kina mzaha mwingi ndani yake. Nchi inayosimuliwa iko angani, hakuna aliyepata kuiona, lakini jina lake lataka tuisadiki. Majina ya watu nayo ni maneno tunayoyatumia kila siku: mshitaki ni Waziri Majivuno, na mshitakiwa ni Karama. Kosa la Karama ni kutaka watu wafundishwe sheria. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, ili walete mambo ya kuifaa nchi. Waliporudi na maneno ya manufaa, walitiwa gerezani.

Tulicheka sana. Kijana mmoja fundi cherehani alisema mwandishi alikuwa mwerevu. Nchi yetu ilikuwa chini ya Waingereza wakati ule, naye alikuwa karani katika kazi za serikali hiyo hiyo. Basi nchi yake akaipeleka angani, asipatikane mtu wa kusema kwamba ametajwa. Mzee mmoja akajibu, "Hayo yalikuwa ya wakoloni. Siku hizi twasema tupendavyo."

Hapo mwalimu mmoja akamkumbusha Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Ilitoka mwaka 1971, tumekwisha kujitawala miaka kumi, nayo ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyoelezwa humo waziwazi. Miaka ikapita, na kitabu kile kile kikawekwa katika vitabu vya kusomwa shuleni. Mzee akafikiri kidogo, akasema kwamba yeye kama mzazi angalikizuia pia. Tukabishana kwa heshima.

Ndipo mama mmoja auzaye mbaazi sokoni, ambaye hasemi mara nyingi, akanigeukia. "Mwanangu karani," akasema, "huko Kusadikika, nani alikuwa akiandika muhtasari?"

Wenzangu walicheka, wakidhani ni mzaha. Mimi sikucheka, kwani nilifahamu maana yake. Miezi miwili kabla ya siku ile tulikuwa na kikao cha wazazi, nami ndimi niliyekuwa mwandishi. Mama huyo alisimama akauliza fedha za madawati zimefikia wapi. Mwenyekiti alikohoa, akanitazama. Sikuambiwa neno lo lote. Lakini nilipoandika muhtasari, swali lake nililitia chini kabisa, penye "Mengineyo", nikaandika kwamba wajumbe walibadilishana mawazo. Sikuandika fedha, wala sikuandika madawati.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mwenye kuzuia maneno ni mfalme, au ofisi kubwa yenye mihuri. Kumbe yatosha karani mmoja na kalamu yake. Wala sikuhitaji kumfunga mtu kinywa. Lugha yenyewe ilinisaidia. Tunayo maneno mengi mapole: "mengineyo", "changamoto ndogo ndogo", "suala linashughulikiwa". Kila moja ni neno zuri mahali pake, lakini twaweza kuzika swali la mtu chini yake, na asionekane aliyelizika.

Katika kikao kilichofuata, tulipofika mahali pa kuthibitisha muhtasari, nilinyosha mkono nikaomba kusahihisha kosa langu mwenyewe. Nikasoma swali la mama kama alivyoliuliza. Watu walinyamaza kimya. Mwenyekiti akauliza kama yuko anayepinga. Hakuna aliyepinga, likaandikwa. Jibu lake tungali tunalingoja, na mwenyekiti hanisalimu kama zamani. Lakini swali limo katika jalada, na atakayelifungua kesho atalikuta.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tumeshikishwa kalamu za wenzetu: makatibu wa vikundi vya akiba, wa kamati za harusi, wa vikao vya ukoo. Yatupasa kuandika lililosemwa, hasa lile lililomkohoza mwenyekiti. Karama alishinda kesi yake kwa kuwa alipewa nafasi ya kusema, na wakawapo wa kumsikiliza. Lau maneno yake yangalitiwa penye mengineyo, wale wajumbe sita wangalikuwa gerezani hata leo.

Mwezi ujao tunasoma Rosa Mistika. Mzee wetu ameahidi kuja, nasi tutaandika maneno yake yote, hata yale ya kukipinga kitabu.