Ajali ya kazi iandikwe siku ile ile

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama ambao munabaki nyumbani mukingoja baba arudi kutoka poste ya usiku, leo tunasema juu ya karatasi moja tu. Ni karatasi ndogo, lakini kwa kuikosa tumeona familia nzima zikianguka.

Tulipokea mwenzetu mmoja kwenye ofisi ya sendika. Alikuwa anafanya kazi ndani ya mgodi mkubwa, lakini kontra yake ilikuwa ya kampuni ya sous-traitance, ya miezi mitatu. Siku moja bomba la chuma lilimponda vidole viwili. Shefu wake hakumpeleka kliniki ya mgodi. Alimpandisha gari, akampeleka dispansari moja ya mjini, akalipa dawa kwa makuta yake mwenyewe, akamwambia: "Baba, enda kwanza ku nyumba, upumzike. Usiseme maneno mingi, tutakuita."

Hakuna aliyemuita. Kontra iliisha mkono ukiwa bado na bandeji. Alipofika kwetu, mwezi wa tano ulikuwa umeingia. Kwenye kampuni yake walimjibu: "Kontra yako ilikwisha." Kwenye mgodi walimjibu: "Wewe si mtu wetu." Kwenye CNSS hapakuwa na dosie. Karatasi ya dispansari iliandika tu "jeraha la mkono", bila neno moja juu ya kazi. Na wenzake wa ekipi walioona ajali? Mmoja amekwenda Fungurume, mwingine Kasumbalesa, simu zimebadilishwa. Mpaka leo tunatafuta mashahidi.

Tuseme ukweli: mwenzetu huyu hakukosa haki. Alikosa alama ya haki yake. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inaweka ajali za kazi na magonjwa ya kazi chini ya CNSS: matibabu, malipo ya siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi, pensheni ya mtu aliyebaki na kilema, na kama amekufa, msaada kwa mjane na watoto. Mchango wa hatari za kazi, 1.5 kwa 100 ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake. Si sadaka ya shefu. Ni makuta yanayowekwa kwa ajili yako.

Wazee wetu wa Gécamines walikuwa na mwajiri mmoja, na lopitali ilikuwa yake. Mtu akiumia, kila mmoja alijua mlango wa kupiga. Leo tuko na milango miwili, na kila mlango unakuonyesha ule mwingine. Mwaka 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti: 57 kwa 100 ya wafanyakazi walikuwa wameajiriwa kupitia sous-traitance. Basi hatusemi juu ya watu wachache. Tunasema juu ya zaidi ya nusu yetu.

Kwa nini wenzetu wanaficha ajali? Tunajua. Kwenye mlango wa migodi mingi kuna kibao kikubwa kinachohesabu siku bila ajali. Ni kitu kizuri kama hesabu ni ya kweli. Lakini ekipi ikiahidiwa prime juu ya kibao kile, aliyeumia anaona haya kuwaharibia wenzake. Na mwenye kontra ya miezi mitatu anaogopa: nikisema, hawatanirudisha. Tunaelewa woga huo, na sisi wenyewe tumekuwa nao. Lakini angalieni vizuri: mwenzetu alinyamaza kusudi alinde kazi, na kazi aliikosa vilevile. Alipoteza kazi, akapoteza na malipo.

Kwa hiyo, ukiumia, fanya hivi siku ile ile. Kwanza, mwambie shefu mbele ya watu wawili, uandike majina na simu zao. Pili, kwa munganga sema wazi: "Nimeumia kazini, saa fulani, mahali fulani," na usitoke bila kuona neno hilo limeandikwa. Omba kopi. Tatu, mwite delege wa sendika. Aulize kama kampuni iliyosaini kontra yako imepeleka deklarasyo kwa CNSS na kwa Inspection du travail. Kama haikupeleka, wewe mwenyewe au familia yako muende huko. Ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, nayo inahesabiwa. Na usijifiche eti kosa ni lako: swali la kwanza ni kama ajali imetokea juu ya kazi.

Bamama, hapa tunawaomba kitu. Mgonjwa akiwa kitandani, ninyi ndio munaoweza kutembea. Wekeni pamoja kontra, karatasi za mshahara, namba ya CNSS na karatasi zote za lopitali. Mujue jina la kampuni iliyoajiri baba, si jina la mgodi tu. Wajane wengi waliokuja kwetu walijua jina la mgodi peke yake.

Kwa wenye migodi tunasema: ajali iliyotokea ndani ya uzio wenu ni ajali yenu pia. Andikeni katika mikataba yenu kwamba kampuni inayoficha jeraha itapoteza soko. Waliouumia wa sous-traitance wahesabiwe kwenye kibao kile kile. Na prime itolewe kwa ekipi inayosema hatari mapema, si kwa ekipi inayonyamaza. Kwa serikali tunasema: Inspection du travail ipewe watu na magari ya kufika kwenye machimbo, isingoje karatasi ofisini.

Na kwenu, wenzetu wa ekipi: mwenzenu akianguka leo, musimwache arudi nyumbani kabla ajali yake haijaandikwa. Prime ya mwezi itakwisha. Mkono uliokatika haurudi.