Mama mwenye presha akishika mimba, kopo la dawa lisibaki nyumbani

Siku ya kliniki, benchi la wajawazito hujaa mapema. Kwa vijiji vya Usoke, wilayani Urambo, mama anaweza kuwa ametembea mwendo mrefu au amerushwarushwa kwenye bodaboda, na nyumbani kaacha tumbaku inayosubiri kuingizwa kwenye bani. Anataka apimwe na kuondoka.

Chukulia mama wa miaka 36, mimba ya tano. Miaka miwili nyuma aliambiwa ana presha, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Alipojua ana mimba aliviacha, kwa sababu mama mkwe alimwambia dawa kali humchoma mtoto tumboni. Muuguzi anapouliza, "Una ugonjwa wowote, mama?" anajibu hapana. Benchi liko karibu, wenzake wanasikia. Na kwa kweli yeye hajisikii mgonjwa. Presha huwa haiumi.

Muuguzi mzoefu hauachi mchezo hapo. Humsalimu, "Mwangaluka, mayo," akamkalisha kwanza kama dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umetulia usawa wa moyo, ndipo akafunga kipimo. Aliyepimwa akiwa bado anahema kutoka barabarani anaweza kuandikiwa presha isiyo yake. Kisha hubadilisha swali, tena mlango ukiwa umefungwa: "Nyumbani kuna dawa yoyote uliyokuwa unameza kabla ya mimba, hata ya kienyeji?" Swali hilo wengi hulijibu.

Mama mkwe hakukosea kabisa. Zipo dawa za presha zisizofaa kwenye mimba. Enalapril, captopril, lisinopril na losartan zinaweza kuharibu figo za mtoto, hasa mimba ikishapita miezi mitatu. Lakini kuacha tu hakumwokoi mtu, kwa kuwa presha inabaki na kupanda bila mtu kuiona. Kinachotakiwa ni kubadilishiwa. Methyldopa, ambayo wengi huijua kwa jina la Aldomet, na nifedipine hutumika kwa wajawazito. Anayebadilisha ni mtaalamu aliyeliona kopo lenyewe, si jirani aliyewahi kuumwa presha.

Ndiyo maana mahudhurio ya kwanza hayapaswi kusubiri tumbo lionekane. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12. Kwa mwenye presha ya zamani, mtaalamu anaweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo baada ya wiki ya 12 ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Anayekuja mwezi wa sita amechelewa kupata faida yake kubwa. Kwa mwenye kisukari haraka ni zaidi, maana moyo na uti wa mgongo wa mtoto hujengeka wiki za mwanzo kabisa, na sukari iliyopanda huharibu kazi hiyo wakati mama hata hajamwambia mumewe. Wenye kifafa na wanaotumia ARV wasithubutu kuacha dawa ghafla. Nao waende nazo mkononi.

Kifafa cha mimba, licha ya jina lake, si kifafa kile cha kawaida, wala si mashetani. Hutokana na presha ya mimba, na mwenye presha ya zamani yuko karibu nacho zaidi. Kabla ya degedege mara nyingi huja kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Baba aliyeko nyumbani ndiye wa kwanza kuona hayo, kwa hiyo naye ayajue. Mama akianguka, alazwe kwa ubavu wa kushoto, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na ipigwe simu 115 ya mfumo wa m-mama. Ni ya bure, na hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kituo cha afya kinaweza kumchoma sindano ya magnesium sulfate kabla hajapelekwa hospitali.

Nchini, vifo vya uzazi vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Matatizo ya presha bado ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vilivyobaki.

Jambo moja familia nyingi hulisahau: kujifungua hakumalizi presha. Mara nyingi hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, wakati mama yuko nyumbani anakunywa uji na wageni wanakuja kumwona mtoto. Kichwa kikimuuma siku hizo kisiitwe uchovu. Arudi akapimwe, na aulize kuhusu vidonge vyake vya zamani pia: enalapril ile aliyokatazwa akiwa mjamzito, daktari anaweza kumrudishia hata akiwa ananyonyesha.