Mama Mzee Naye Aulizwe

Siku ya chanjo katika vijiji vya Masisi na Walikale, ni nani wanaoketi kwenye benchi? Mama na watoto wao. Tena mara nyingi utamwona mama mzee aliyeleta wajukuu, kwa sababu wazazi wao wamekufa au vita imewatawanya. Wajukuu wanachanjwa, mwuguzi anaandika karata zao, na mama mzee anarudi nyumbani. Hakuna aliyemwuliza neno. Kosa hilo ni letu kwanza, sisi tunaovaa nguo nyeupe.

Sasa fikiri kwamba mama yule anaishi na virusi vya SIDA. Kila jioni, baada ya bukari, anameza kidonge chake kwa siri. Katika damu yetu kuna askari wanaopigana na vijidudu. Uzee unawachosha, na virusi vya SIDA vinawaua. Dawa inavizuia virusi, na askari wanaongezeka tena, lakini kwa mtu aliyeanza dawa akiwa mzee hawarudi upesi, wala pengine hawarudi wote. Homa ya mapafu ambayo kijana anaipona inaweza kumwua yeye. Chanjo inawaonyesha askari sura ya adui kabla hajafika.

Labda utasema, "Kidonge na sindano vitapigana mwilini." Sivyo. Endelea kumeza kidonge chako, hata siku ya chanjo yenyewe. Lakini ni kweli kwamba chanjo hazifanani. Ile ya surua na ile ya homa ya manjano zina kijidudu hai kilichodhoofishwa. Mtu mwenye askari wachache sana asizipate. Ya homa ya manjano inahitaji uangalifu hata kwa kila mtu aliyepita miaka 60. Ya pepopunda na ile ya kipindupindu ya kumeza hazina kitu hai. Ya mpox, iliyoanza kutolewa Goma mwezi wa Oktoba 2024, haiwezi kuzaana mwilini, nayo inamfaa sana mtu huyu, maana mpox inamtesa zaidi mwenye SIDA isiyotibiwa. Basi mwambie mganga habari yako kabla ya sindano, ndani ya chumba, si mbele ya benchi.

Najua aibu ndiyo inayofunga kinywa. Mzee anaogopa kwamba watu wataanza kuhesabu dhambi zake. Lakini mtu mwenye mvi na SIDA, mara nyingi ni mtu aliyemeza dawa yake kwa uaminifu miaka mingi. Je, hilo ni jambo la kuchekwa?

Vita ilipofika Masisi-Centre mwezi wa Januari 2025, na Walikale-Centre mwezi wa Machi, watu walikimbia na mzigo wa kichwani tu. Kama karata yako ilibaki, sema hivyo bila hofu. Kuchanjwa tena pepopunda ni afadhali kuliko kulimia shamba bila kinga.

Jambo jingine linanisumbua: chanjo ya homa ya mapafu serikali inawapangia watoto wachanga, wazee hawamo. Mimi naona wangestahili kuwamo.

Na wewe unayesoma matangazo kanisani Jumapili, unaposema, "Kesho mama walete watoto kwa chanjo," ongeza, "na wazee waje waulize zao."