Kabla ya Kufomati, Soma Ilichoandika



Nimeombwa mara mbili niandike kuhusu ile orodha ya wanachama wa kata yetu iliyopotea, na mara mbili nimekwepa. Leo naandika kwa sababu maneno yamekuwa mengi kwenye magrupu. Wengine wanasema orodha iliuzwa. Wengine wanasema tumehujumiwa. Hakuna aliyetuhujumu. Orodha niliipoteza mimi. Sikuifuta kwa mkono wangu, lakini aliyesema "pelekeni kwa fundi aipige Windows upya" ni mimi, na kikao kikaitikia.

Ilikuwa hivi. Kompyuta ya ofisi ya kata ni ya mezani, ya zamani, tulipewa na mwanachama mmoja aliyefunga stationery yake. Kijana wetu mmoja, wakati huo yuko chuo, aliiwekea Linux Mint. Hakutudai hata nauli. Ikafanya kazi karibu miaka miwili bila kelele: katibu anaandika barua, mweka hazina anaweka michango yake, na orodha ya wanachama, zaidi ya majina mia sita na namba zao za simu, iko humo humo. Iko humo tu. Hapo ndo penye kosa la kwanza, nitarudi.

Siku moja umeme ukakatika katikati ya kazi, ukarudi, ukakatika tena. Walipoiwasha, skrini nyeusi, maandishi meupe mengi, mwisho kabisa neno `(initramfs)` na kikasha kinachowaka na kuzima. Katibu akapiga picha akanitumia WhatsApp. Niliitazama ile picha sekunde kumi. Nikajibu: "Imekufa hiyo."

Fundi tuliyempelekea hakuuliza kama kuna kitu ndani. Na sisi hatukumwambia. Aliifomati, akaweka Windows ya kukraki, akatudai elfu ishirini, tukalipa, tukashukuru.

Wiki tatu tulizunguka nyumba kwa nyumba na kaunta buku kuandika majina upya. Kuna bibi mmoja, mwanachama tangu miaka ya mwanzo ya vyama vingi, alitukaribisha vizuri, akatupa maji, halafu akakataa kuandikwa. Akasema, "Wajukuu zangu, mimi nilishaandika. Sasa yale ya kwanza yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo jina lake halimo kwenye orodha mpya, na sijarudi kwake.

Ile Windows haikumaliza miezi miwili. Ikaingia virusi vya shotikati, vile ambavyo ukichomeka flashi kila folda inageuka shotikati, na kila flashi iliyopita ofisini ikatoka mgonjwa. Yule kijana wetu alipokuja likizo akairudishia Linux. Na ajabu ni kwamba yale mafaili tuliyodhani yameliwa kwenye flashi, kwenye Linux yakaonekana yote. Kumbe virusi vilikuwa vimeyaficha tu.

Sasa sikilizeni. Baada ya muda umeme ukatufanyia yale yale. Skrini nyeusi, maandishi meupe, `(initramfs)`. Safari hii nilikuwa ofisini mwenyewe. Nikampigia kijana, naye sasa ameajiriwa mkoa mwingine. Akaniuliza swali moja: "Kaka, imeandika nini mistari miwili mitatu juu ya hapo?" Nikaanza kumsomea. Ilikuwa imeandika kwamba kuna hitilafu isiyotarajiwa kwenye `/dev/sda1`, na kwa herufi kubwa: RUN fsck MANUALLY. Yaani, endesha fsck wewe mwenyewe.

Akacheka. "Sasa si imekwambia? Andika `fsck -y /dev/sda1`, bonyeza enta, iache imalize. Halafu andika `reboot`."

Dakika nne. Ikawaka, kila kitu mahali pake.

Usiku ule nilitafuta ile picha ya kwanza kwenye simu, nikaikuza. Maneno yale yale. Kompyuta ilikuwa imetuandikia dawa yake kwa herufi kubwa, mimi nikasema imekufa.

Ndiyo maana naandika. Vijana wengi wa chama tunazungumzia programu huria kama itikadi: ni bure, chimbuko lake liko wazi, hakuna kampuni ya kutufungia. Ni kweli yote hayo. Linus Torvalds alipoitoa Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, hata jina la Ubuntu lililokuja 2004 kutoka kwa mtu wa Afrika Kusini, tunapenda kuyasimulia. Lakini tunajidanganya tukidhani uhuru unakuja na flashi ya kuinstolia. Mfumo ambao hakuna mtu ofisini anayeweza kuusoma siku umeharibika ni mfumo wa mtu mwingine, hata kama hukuulipia senti.

Na huu si ugeni kwetu kama wengi mnavyodhani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa KiLinux, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Baadhi yenu hamkuwa mmezaliwa. Uliza leo ofisi ngapi za kata zimewahi kuisikia.

Najua mtakachonijibu. Kwanza mtasema ni ngumu. Jamani, fsck ni neno moja. Shida zinazoua kompyuta za ofisi zetu ni zile zile nne au tano zinazojirudia, na nyingi zinatokana na umeme na diski kujaa. Nimeziandika kwenye daftari, nawapa bila kupanga.

Ukiweka neno la siri, skrini inapepesa, halafu inakurudisha pale pale pa kuweka neno la siri, usikimbilie kusema neno la siri limebadilika. Mara nyingi diski imejaa hadi mfumo umekosa hata pa kuandika alama ndogo. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, utapata skrini ya maandishi. Ingia pale na jina lako, andika `df -h`. Ukiona asilimia 100 kwenye mstari unaoishia na alama ya `/`, umempata mwizi. `sudo apt clean` inatupa vifurushi vilivyokwisha kutumika, `sudo apt autoremove` inaondoa mabaki pamoja na kerneli za zamani, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` inapunguza kumbukumbu za mfumo zilizorundikana. Halafu kaangalie folda ya Downloads ya katibu. Kwetu kulikuwa na video moja ya mkutano wa hadhara imepakuliwa mara sita.

Umeme ukikatika wakati inajiapdeti, kesho yake itakataa kuweka programu yoyote. Hapo andika `sudo dpkg --configure -a`, inamalizia pale ilipoachia. Kerneli mpya ikikorofisha baada ya kuapdeti, wakati wa kuwaka shikilia Shift, au gongagonga Esc kwa mashine za karibuni, ingia kwenye chaguo za ziada, chagua kerneli ya zamani. Kumbe ile ya zamani ilikuwa inatunzwa kwa ajili ya siku hiyo. Kwa hiyo usiifute ukiwa na haraka ya kupata nafasi.

Waifai ikigoma mara tu baada ya kuinstoli, mara nyingi ni kadi inayohitaji programu yake ya ziada, na programu hiyo iko kwenye intaneti ambayo huna. Chukua simu ya Android, chomeka kwa waya wa chaji, washa kushirikisha intaneti kwa USB. Kompyuta inaipokea kama waya wa mtandao, hapo unapakua kilichokosekana.

Ila fsck nayo isiwe panadoli. Usiiendeshe kwenye diski ambayo mfumo unaitumia muda huo, utaharibu zaidi. Na ikiwa kila wiki mnaitwa na ile skrini nyeusi, wala umeme haukukatika, diski inakufa kweli. Weka kifurushi cha smartmontools, andika `sudo smartctl -H /dev/sda`. Ikisema FAILED, usitengeneze chochote. Nakili mafaili kwanza, siku hiyo hiyo, kabla hata ya chai.

Jibu la pili mtakalonipa ni fomu za makao makuu. Hili ni la kweli, silikwepi. Fomu ya Word ikifunguliwa kwenye LibreOffice, mistari inahama, jedwali linavunjika, katibu anaonekana hajui kazi. Nusu ya tatizo ni fonti tu: ukiweka Carlito, herufi zake zina vipimo sawa na Calibri, na Liberation zinafanana vipimo na Arial na Times New Roman. Ukurasa unatulia. Nusu nyingine iko juu, kwa wanaotuma fomu. Fomu ya kuchapwa na kujazwa kwa kalamu itumwe PDF, basi.

Na hapo nawasema viongozi wangu kwa heshima zote. Kila mkutano wa baraza tunapitisha ombi la kompyuta mpya. Sijawahi kuona mstari wa bajeti wa kutunza zile za zamani. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zaidi ya 10,000, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Waliopinga walilalamikia programu kutoelewana. Waliotetea walisema tatizo ni jinsi idara za kompyuta zilivyopangwa, nani anamtengenezea nani. Mimi naona wote walikuwa na hoja, ila ya pili ndiyo inayotugusa. Sisi nani anamtengenezea nani? Kijana mmoja aliyehamia mkoa mwingine, kwa simu, kwa vocha yake mwenyewe. Siku akibadilisha namba je?

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za ofisi zetu haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu wake kwa sababu hazina TPM 2.0. Kwa hiyo ofisi nyingi zinakuja Linux mwaka huu zikipenda zisipende. Ninachoogopa ni zije kama tulivyokuja sisi: kijana anainstoli, anapigiwa makofi, anaondoka.

Pendekezo langu kwa baraza la vijana la jimbo ni dogo na lina gharama ndogo. Kila ofisi iwe na watu wawili wanaojua kuwasha, kusoma kosa na kunakili mafaili, na mmoja wao asiwe mwanafunzi wa chuo. Kwetu nimemwomba dada mweka hazina. Hajasomea kompyuta, ila ndiye mtu pekee ofisini asiyeruka mistari. Pawe na daftari la kompyuta kando ya lile la mapato: tarehe, ilichoandika skrini, tulichofanya. Orodha ya wanachama inakiliwe kila Ijumaa kwenye flashi mbili, moja ikae kwa katibu na nyingine kwa mtu mwingine, na zote ziwe zimefungwa kwa neno la siri, maana zile ni namba za simu za watu waliotuamini na sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi haisemi vyama vya siasa vimesamehewa. Na tahadhari moja: kwenye Mint kuna Timeshift, watu wanaiwasha wanadhani wamenakili kila kitu. Timeshift kwa kawaida inatunza mfumo, si barua zako.

UPS tukipata tutashukuru. Tusipopata, laptop chakavu yenye betri ya nusu saa ni bora kuliko mashine ya mezani yenye nguvu, kwa ofisi ambayo umeme wake mnaujua.

Kuhusu bando: tusiapdeti kila mashine kivyake. Ofisi yenye kompyuta tatu iweke apt-cacher-ng kwenye moja. Hiyo inapakua mara moja, nyingine zinachukua kwake. Nimeijaribu ofisi ya jimbo, inafanya kazi.

Jumamosi baada ya kikao nitabaki ukumbini mpaka saa kumi na moja jioni. Mwenye kompyuta iliyomshinda aje nayo, au aje na picha ya skrini iliyopigwa vizuri, mistari yote ionekane, siyo ule wa mwisho tu. Asubuhi yake nina safari ya kwa yule bibi, na kaunta buku.