BOLTI IKIKATIKA, NI NANI ALIPE?



Kuna neno moja ambalo wenzetu wa karakana za magari wanalileta mbele ya chama mara kwa mara, nalo ni neno la bolti inayokatikia ndani ya injini. Mtu asiyeshika spana aweza kucheka na kusema bolti ni kitu kidogo cha shilingi chache. Lakini makanika ajuaye kazi hacheki. Bolti ya bomba la moshi ikikatika nyuma ya injini, mahali ambapo mkono hauingii wala jicho halioni, kazi ya saa moja hugeuka kuwa kazi ya siku nzima. Mwenye gari hukasirika, msimamizi hupiga kelele, na mwisho wa mwezi mshahara huonekana umepungua. Hapo ndipo neno la bolti linapokuwa neno la chama.

Kwanza tuulize, bolti hukatika kwa sababu gani? Bomba la moshi huwaka moto kila safari na kupoa kila gari linapolala. Chuma hutanuka na kunywea, siku baada ya siku, hata bolti huchoka. Kutu nayo huingia katika thredi ikaishika kama saruji. Mombasa na pwani yote hewa ya chumvi huongeza kutu hiyo. Tena magari mengi ya Kenya yalitumika kwanza ng'ambo kabla ya kushushwa Kilindini, na gari laweza kufika hapa likiwa na umri wa miaka 7 au 8. Juu ya hayo, huenda fundi mwingine zamani aliikaza bolti kupita kiasi, akaivuta mpaka ikapoteza nguvu zake. Basi yule ambaye bolti imekatikia mkononi mwake, mara nyingi ni mtu wa mwisho tu katika safu ndefu. Je, ni haki alipe yeye peke yake?

Sheria imekwisha kujibu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi aliiharibu kwa kusudi, na hata hapo kiasi kikatwacho kiwe cha haki. Tena makato yote yaliyotajwa katika kifungu hicho, yakijumlishwa, hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara kwa wakati mmoja. Bolti iliyoliwa na kutu haikuvunjwa kwa kusudi la mtu. Kwa hiyo, ndugu, ukikatwa senti kwa ajili ya bolti ya namna hii, usinung'unike pembeni na wala usiache kazi kwa hasira. Andika tarehe, namba ya gari na kiasi kilichokatwa, umpelekee mwakilishi wa chama katika karakana yako.

Lakini haki hutembea pamoja na wajibu. Chama hakiwezi kumtetea mtu aliyefanya kazi ovyo. Kwa hiyo twataka kila mwanachama aijue njia ya kuishughulikia bolti iliyokatika, na awafundishe vijana walio chini yake.

Jambo la kwanza ni kusimama. Bolti ikikatika, weka spana chini, mwite msimamizi aione, na iandikwe katika karatasi ya kazi papo hapo. Iache injini ipoe. Chukua kioo kidogo na taa utazame: je, kipande kilichobaki kimechomoza nje, au kimekatika sawasawa na uso wa chuma? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kazi yote.

Ikiwa kimechomoza, una bahati. Safisha, tia mafuta ya kulegeza kutu, gonga polepole kwa nyundo ndogo, kisha ngojea. Mafuta yakilala usiku kucha hufanya kazi ambayo nguvu za mikono haziwezi. Asubuhi, kama thredi za nje zingali nzima, funga nati mbili zikabane zenyewe kwa zenyewe, uzungushe ile ya ndani. Zikiwa zimekwisha, mchomeleaji aweza kushikiza nati juu ya kipande hicho. Moto wa kuchomelea wenyewe husaidia kuilegeza kutu. Lakini kwanza waya wa betri ufunguliwe, na mabomba ya mafuta yaliyo karibu yaondolewe au yakingwe vizuri. Tena mtu asimame kando na chombo cha kuzimia moto.

Ikiwa kimekatika sawasawa na uso, kazi ni nzito zaidi. Piga alama katikati kabisa kwa panchi. Toboa kwa keekee ndogo kwanza, ya milimita 3 hivi, na mkono uende wima. Mahali pasipofika drili ya kawaida, itumike drili ya kona. Kama ipo keekee ikatayo kwa kushoto, itumie hiyo, maana mara nyingine bolti hutoka pamoja nayo. Iwapo waitumia ekstrakta, usiilazimishe. Chuma chake ni kigumu sana, na ikikatikia ndani, keekee ya kawaida haitaigusa, nawe utakuwa umeifunga njia kwa mkono wako. Tundu likiharibika, lipanuliwe na kutiwa thredi mpya za waya zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Pakikosekana nafasi kabisa, ni afadhali kufungua vitu zaidi, hata kuishusha au kuiinua injini kidogo, kuliko kutoboa kwa kubahatisha. Haraka haraka haina baraka.

Sasa tufike kwenye neno lililo kubwa kuliko yote. Wako watu ambao, kwa kuogopa kukatwa mshahara, huiacha bolti hiyo humo ndani, hupaka gundi juu ya gasketi, hufunga boneti na kunyamaza. Gari huondoka likinguruma vizuri. Lakini bomba lisilobanwa huvuja, na katika moshi wa injini imo hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo ikiingia kebini, dereva huumwa kichwa, husinzia, na aweza kufa bila kujua ni nini kimemuua. Dereva huyo ni nani? Ni mwenzetu, naye tanboi wake ni mwenzetu. Abiria wa matatu ni mke wako na watoto wako. Kuificha bolti ni kuuhamisha mzigo kutoka mfukoni mwako kuuweka juu ya maisha ya mfanya kazi mwingine. Chama hakikubali jambo hilo hata kidogo.

Na matajiri nao wasikie vizuri. Anayemkata makanika mshahara kwa kila bolti ndiye anayemfundisha kuficha. Akitaka kazi ya kweli, na aiondoe hofu hiyo katika karakana yake.

Kwa hiyo chama chataka mambo manne katika kila karakana. Kwanza, bolti iliyokatika kwa kutu au uchakavu iandikwe, na mwenye gari aelezwe mapema kwamba saa zitaongezeka. Saa hizo zisihesabiwe kuwa ni uvivu wa fundi. Pili, vyombo vinavyostahili vinunuliwe na tajiri: drili ya kona, keekee kali, ekstrakta, tapu, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Fundi asitakiwe kufanya kazi ya chuma kwa mikono mitupu. Tatu, miwani ya kukinga macho itolewe bure. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwekea tajiri wajibu wa kuwalinda wafanya kazi wake, na kipande kimoja cha chuma kikirukia jicho, hakuna mshahara utakaolirudisha. Kadhalika gari lisisimame juu ya jeki peke yake mtu akiwa chini yake. Nne, kijana anayejifunza asitupiwe lawama ya bolti aliyoamriwa kuifungua kwa nguvu.

Nanyi mafundi, mnaporudisha bolti mpya, safisheni thredi, pakeni mafuta ya grafaiti, na kazeni kwa kipimo, mkianzia katikati kuelekea kando. Kuna mwenzenu ambaye miaka mitano ijayo ataifungua bolti hiyo hiyo. Humjui jina, lakini ni ndugu yako katika kazi. Mrahisishie.

Wawakilishi wote, kuanzia Changamwe mpaka Kariobangi na Kisumu, na wakusanye habari za makato ya namna hii katika karakana zao, wazilete ofisini zikiwa zimeandikwa. Mtu mmoja akilalamika, ataambiwa atafute kazi kwingine. Tukiwa wengi, na karatasi zetu mkononi, tutasikilizwa.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI