Treni ya Bububu Isionyeshwe Bila Masizi Yake

Wananchi wengi wa Visiwa hivi wanalijua jina la Bububu, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba reli ilipata kufika huko. Mwaka 1879 Sayyid Barghash aliagiza reli ya kwenda Chukwani. Mabehewa yake yalikokotwa kwanza na nyumbu, na mwaka 1881 ikaagizwa injini ya mvuke kutoka kwa Bagnall wa Uingereza. Reli hiyo haikudumu baada ya kifo chake mwaka 1888. Ndipo mwanzoni mwa karne iliyofuata kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilipojenga reli ya maili 7 kutoka mjini, jirani na Ngome Kongwe, hadi Bububu. Serikali ya wakati huo iliinunua mwaka 1911. Mwaka 1922 iliacha kuchukua abiria, ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari hata ikang'olewa.

Waliopanda treni hiyo wametangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni picha na maandishi. Kwa hiyo tunapendekeza vijana wetu wa ufundi waiunde upya kwa mfano mdogo, uwekwe mahali ambapo kila mwananchi atauona. Lakini tunaweka sharti moja: mfano huo using'ae kama kitu kilichotoka dukani jana.

Huko Marekani na Uingereza kazi hii ni ufundi wenye heshima. Fundi hununua injini ya kiwandani, akabadilisha dohani, akaongeza taa, akafuta namba na kuandika nyingine, mpaka ifanane na injini fulani iliyopata kuwapo. Kisha huipa uchakavu wake. Rangi iliyozimuliwa mno hupakwa ijipenyeze kwenye ribiti na viungo. Brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu ya kingo. Unga wa chaki za rangi hupulizwa mahali pa vumbi. Mwisho hufunikwa kwa vanishi isiyong'aa. John Allen wa Monterey, California, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuueneza ufundi huu. Alifariki mwaka 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli yake ndogo. Tunaijua leo kwa sababu picha zake zilihifadhiwa.

Ipo hoja kwamba huko ni kuchafua kazi nzuri. Sisi hatukubaliani nayo. Kila doa lina sababu yake. Masizi hukaa juu, karibu na dohani. Vumbi hukaa chini, karibu na magurudumu. Sakafu ya behewa la mawe huchubuka pale mawe yanapotupwa, na kutu huanzia hapo. Lakini uso wa gurudumu unaosuguana na reli hung'aa daima, na vyuma vinavyocheza huwa na mafuta, si kutu. Fundi anayepaka kutu kila mahali anadanganya sawasawa na yule anayeacha kila kitu kiking'ara.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Behewa safi la abiria, likiwekwa peke yake katika kioo, litamfundisha mtoto kwamba reli ilikuwa starehe na zawadi ya wakubwa. Behewa la mawe lililochubuka litamfanya aulize ni nani aliyepakia mawe hayo, na ni nani aliyeyashusha. Majina ya watu hao hayakuandikwa juu ya injini. Alama za jasho lao ndizo tunazoweza kuwarudishia.

Kuna watakaosema kwamba mchezo huu ni wa matajiri, na kwamba maji, barabara na hospitali vitangulie. Na vitangulie. Lakini hatuombi vifaa vya kuagizwa ng'ambo. Visiwa vyenye mafundi wa kuchonga milango na majahazi madogo havikosi mikono ya kuunda behewa la mbao na bati la mkebe. Wala haihitajiki reli nzima: maili 7 kwa kipimo cha 1 kwa 87 ni takriban mita 130. Kipande cha mita mbili chenye injini moja na mabehewa matatu kinatosha.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, wenye dhamana ya Nyaraka za Taifa pale Kilimani wawarahisishie vijana kuziona na kuzinakili picha na michoro ya reli hiyo. Pili, vyuo vya ufundi viifanye kazi hii kuwa zoezi la wanafunzi, kwa maana inafundisha kupima, kusoma mchoro na kutazama kwa makini. Tatu, pembeni ya mfano iandikwe wazi kipi kimetoka katika ushahidi na kipi ni makisio ya fundi.

Reli yenyewe haitarudi, wala hatudai irudi. Tunachodai ni kwamba kitakachosimama badala yake kiseme kweli, na kweli ya gari la moshi lililobeba mawe ni masizi, vumbi na kutu.