Majarida ya Tiba: Msomaji wa Kyerwa Naye Ahesabiwe

Kila mwaka bajeti inapoandaliwa, maktaba za vyuo vikuu vya tiba hukabiliwa na swali gumu: kanzidata zipi za majarida ziendelee kulipiwa, na zipi ziachwe? Swali hilo huonekana kuwa la wakutubi na wahasibu peke yao. Kwa hakika linamgusa pia mgonjwa aliyelazwa Nyakahanga wilayani Karagwe, au Isingiro wilayani Kyerwa, kwani tiba anayopewa haiwezi kuuzidi ujuzi ambao anayemtibu ameweza kuufikia.

Utaratibu wa kuamua unajulikana. Mkutubi huchukua ada ya mwaka, akaigawanya kwa idadi ya makala zilizopakuliwa, akapata gharama ya kila makala. Hutazama pia kama majarida yaleyale yamo katika kanzidata nyingine, na husikiliza maoni ya wahadhiri. Bei hutajwa kwa dola, ilhali bajeti ni ya shilingi. Na wachapishaji wakubwa hupenda kuuza majarida kwa mafurushi, yanayotakiwa pamoja na yasiyotakiwa. Hata vyuo vyenye uwezo vimelemewa. Februari 2019, Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo ya mkataba wake na Elsevier, na makubaliano mapya yakapatikana Machi 2021. Kwa hiyo mkutubi anayebana matumizi hastahili lawama.

Kasoro imo katika kipimo chenyewe. Hesabu ya upakuaji humwona msomaji aliye ndani ya mtandao wa chuo tu. Tabibu aliyehitimu na kupangiwa kituo cha afya Kyerwa hufungiwa mlango siku ileile anayohitaji zaidi kusoma, na tangu hapo hesabu haimwoni. Ukimya wake huchukuliwa kuwa hana haja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Watu wa Karagwe wana haki ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1987 watafiti walipima maambukizi ya virusi vya UKIMWI mkoani Kagera, wakakuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa mjini Bukoba wameambukizwa, na asilimia 4.5 katika Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa na Kyerwa ndani yake hadi zilipotenganishwa mwaka 2012. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la kimataifa. Damu ilitoka vijijini. Maarifa yakaenda kuhifadhiwa ng'ambo, na maktaba za nyumbani zikabaki kuyafuata kwa ada.

Tena, matumizi ya mwaka uliopita hayatabiri haja ya mwaka ujao. Kabla ya Machi 2023, makala kuhusu homa ya Marburg zingeweza kuonekana hazina msomaji. Mwezi huo ugonjwa ulitangazwa Bukoba. Septemba 2024 ukatangazwa Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Karagwe na Kyerwa. Januari 2025 ukatangazwa Biharamulo. Akiba haiozi, na maktaba ya tiba ni ghala la akiba.

Wapo watakaosema kwamba mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, umekwisha kulimaliza tatizo. Ni msaada mkubwa: Tanzania imo katika kundi la nchi zisizolipa ada, na hospitali nazo huweza kujisajili zenyewe bila kupitia chuo. Hospitali ya wilaya ambayo bado haijajisajili haina sababu ya kungoja. Lakini mlango wa hisani hufungwa na aliyeufungua. Mwaka 2011 wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida yao kwa wasomaji wa Bangladesh, wakayarudisha baada ya malalamiko ya hadharani. Chuo kinachoegemea Hinari peke yake kimemwachia mchapishaji uamuzi wote.

Yapasa basi kipimo kiongezwe. Kamati ya maktaba iwe na mwakilishi wa hospitali za wilaya, daktari au muuguzi, mwenye sauti sawa na mhadhiri. Maswali yanayotoka wodini yakusanywe kila robo mwaka, na kila kanzidata ipimwe kwa maswali mangapi imeyajibu. Katika kila mkataba, maktaba idai kwanza ruhusa ya wahitimu walio kazini wilayani kusoma wakiwa mbali na chuo. Pakikosekana ruhusa hiyo, bei ya furushi ihesabiwe kuwa ghali zaidi. Na wahudumu wa afya nao waulize na kuomba makala kwa maandishi, kwani ombi lisiloandikwa haliingii katika hesabu yoyote.

Mgonjwa wa Isingiro hatafungua kanzidata hata moja maishani mwake. Hata hivyo, naye ni miongoni mwa wale ambao maktaba inanunua kwa ajili yao.